Ukiambiwa mzee atawekwa stenti ya shingo, uliza takataka zitaenda wapi

Hilo swali si langu, ni la ami yangu, mzee wa Langoni hapa Lamu ambaye hana haya na daktari. Mkono wake wa kulia ulikuwa umekufa ganzi ghafla na maneno yakamkataa, robo saa hivi kisha akarudi sawa, watu wakasema ni uchovu wa jua. Kumbe ile ni kiharusi cha kupita, na ndio onyo lenyewe. Mombasa akapigwa picha ya shingo wakakuta mshipa mkubwa wa kushoto, ile karotidi inayopeleka damu kwenye ubongo, umejaa mafuta yaliyogandamana na njia imebaki nyembamba mno.

Daktari akaeleza vizuri tu, tunapitisha waya kwenye paja, tunapandisha mpaka shingoni, tunapuliza kibaluni, tunaacha stenti, kijibomba cha wavu wa waya, ishikilie mshipa. Ami akasikiza mpaka mwisho kisha akauliza, "Sasa daktari, hayo mafuta mukiyabana, yakivunjika yenda wapi?" Daktari akacheka akasema mzee umegusa penyewe.

Manake mshipa ule hauna kona ya kupumzikia, kitu kikibanduka pale kinakwenda moja kwa moja ubongoni au machoni, kwa hivyo kazi ya kuzuia kiharusi inaweza kuleta kiharusi pale pale mezani. Ndio maana kabla ya kupuliza baluni hutangulizwa kichujio, kinapita pale penye wembamba kikiwa kimekunjwa halafu kinafunguka mbele yake kama mwavuli, damu inapita, vipande vinabaki. Mwishowe kinakunjwa tena na kutolewa na mzigo wake. Ami alionyeshwa cha kwake baadaye, vijipunje vya manjano vimenasa kwenye wavu, akaviangalia kwa muda mrefu bila neno, na yeye si mtu wa kunyamaza.

Lakini kichujio hakimalizi kila kitu, na hapa ndio napenda watu waelewe. Matundu yake ni kama sehemu ya kumi ya milimita, chembe ndogo zaidi zinapenya. Tena chenyewe lazima kipite kwanza penye uchafu kikiwa bado hakijafunguka, na kabla ya hapo waya umeshapita kwenye upinde wa mshipa mkuu juu ya moyo, ambao kwa wazee mara nyingi umejaa magamba yake. Kuna njia nyingine ya kusimamisha damu kwa baluni huko chini kabla ya kugusa uchafu. Na iko ile ambayo mie naiona ya akili kuliko zote, wanachana kidogo juu ya mtulinga, wanaingia kwenye karotidi yenyewe bila kupitia mguuni, na wanaigeuza damu irudi nyuma, inatoka nje inapita kwenye chujio halafu inarudishwa kwenye mshipa wa paja, kwa hivyo kikibanduka kitu kinaelekea nje na sio juu. Marekani waliipitisha 2015. Sisi hatukupewa hiyo, na sikuwa na la kubisha.

Ami alikuwa na swali jingine, kwa nini wasimpasue tu wakakwangua? Si swali la kijinga. Utafiti mkubwa wa CREST uliotoka 2010, wagonjwa zaidi ya 2,500, uliona kiharusi cha siku za mwanzo ni asilimia 4.1 kwa stenti na 2.3 kwa upasuaji, ila upasuaji ulileta mshtuko wa moyo zaidi, na aliyepita miaka 70 kwa kawaida hupona vyema akipasuliwa. Kwa ami moyo wake haukuwa wa kuaminika kwa usingizi mrefu wa upasuaji, kwa hivyo stenti. Alikuwa macho muda wote, wanamwambia sema, kunja mkono, na baluni ilipopulizwa moyo ukapunguza mbio kwa ghafla, wakawa wameshajiandaa na sindano.

Hatari yenyewe haikuishia mezani, vipande vinaweza kuchuruzika kwenye nafasi za stenti hata siku kadhaa baadaye. Kwa hivyo asprini na klopidogreli pamoja, dawa za kuzuia damu isigande, alianza kabla na anaendelea angalau mwezi baada, dawa ya kolesteroli haiachwi, presha inapimwa, na tumbaku tumeipiga marufuku nyumbani. Juzi kuna mtu kamwambia aache zile dawa kwa kuwa anataka kung'oa jino. Nikampigia daktari kwanza, akasema jino lingoje.