Watoto Huokota Kuni

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe.

Usiku wa Alhamisi umeme ulikatika hapa Makorora, joto likanitoa kitandani kwenye saa saba. Nje kulikuwa kweupe, mbalamwezi imejaa uani hadi unaweza kuokota sindano. Binti yangu wa kwanza, aliyemaliza kidato cha nne, alikuwa amechuchumaa chini ya mwembe. Mbele yake palikuwa na chupa ya maji isiyo na kifuniko, kisahani cha chumvi ya mawe, mshumaa, na karatasi iliyokuwa ikiungua. Midomo yake ilikuwa inacheza.

Nilimwuliza anafanya nini. Hakuficha. Aliniambia maji yale yanapokea nguvu za mwezi mpevu na asubuhi atayanywa. Kwenye karatasi alikuwa ameandika mambo anayotaka yamwondokee: kukosa kazi, kuachwa, usingizi mbaya. Mwezi ukijaa unaachilia, mwezi ukiandama unaomba mapya. Amejifunza kwenye simu kwa dada mmoja wa Uingereza. "Siyo uchawi, mama," akasema. "Ni kuujali moyo wangu tu."

Nilimwaga yale maji. Nilipaza sauti hadi jirani akamulika tochi juu ya ukuta. Nilimtajia Kumbukumbu la Torati, nikamtajia Isaya, nikamtajia ziwa la moto. Alinisikiliza hadi pumzi ikaniishia, halafu akasema taratibu, wala si kwa kiburi:

"Mama, na kile chetezo cha bibi?"

Ndugu zangu, sikuwa na neno. Nilirudi ndani nikakaa kitandani hadi adhana ya alfajiri.

Nawaeleza kile chetezo ni nini, maana wengi wenu mnaniona Jumapili kwenye kwaya na hamjui. Mtoto huyuhuyu alipokuwa na miaka miwili na nusu alishikwa na degedege, usiku wa mbalamwezi kama huu. Macho yakageuka, mwili ukakakamaa, povu likamtoka. Mnajua wazee wetu wa huku pwani wanavyosema: ni dege, ndege wa usiku anayepita juu ya nyumba, kivuli chake kikimwangukia mtoto ndiyo basi, na mwezi una mkono katika mambo hayo. Tulimkimbiza hospitali. Wakampima, ni malaria. Wakamtundikia dripu ya kwinini, siku ya tatu akaomba uji.

Marehemu mama mkwe wangu aliteremka kutoka Muheza. Alimpenda mjukuu wake kuliko macho yake mwenyewe, nami sitaki mtu amseme vibaya. Akaniambia, "Mwanangu, dawa ya hospitali ni sawa, lakini pepo wenyewe hawajaridhika. Kila mwezi ukiandama, vukiza pembe nne za nyumba, na uweke kipande cha mkate chini ya mwembe." Akaniachia chetezo chake cha udongo. Nikavukiza mwezi ule. Nikavukiza na uliofuata. Nimevukiza miaka 16. Niliposhika mimba ya pili nilivukiza, nilipowekwa kuwa katibu wa kinamama nilivukiza. Mtoto alikuwa amepona kwa rehema za Mungu na kwa dripu, na utukufu nikaupeleka chini ya mwembe.

Sasa sikieni jambo lililonivunja. Ijumaa nilifungua Yeremia sura ya 7, nikitafuta mstari wa kumpiga nao binti yangu, nasema kweli. Nikafika mstari wa 18. Pale Bwana anamwonyesha nabii yanayotendeka katika miji ya Yuda: watoto wanaokota kuni, baba zao wanawasha moto, wanawake wanakanda unga, ili wamfanyie mikate malkia wa mbinguni, mungu wa kike wa kipagani. Nimesoma mstari huo mara nyingi nikiona ibada ya sanamu tu. Safari hii niliona familia. Niliona nyumba ambayo kila mtu ana kazi yake na hakuna aliyeachwa nje.

Nikaiona nyumba yangu. Nani alikuwa akiokota makaa ya chetezo jikoni? Binti yangu, tangu ana miaka mitano, kwa koleo dogo, akijisikia mkubwa. Nani alikuwa akileta ubani kutoka Ngamiani? Baba yao, bila kuuliza wa nini, maana alijua. Na mkate wa kumimina nilikoroga mimi, kwa tui zito, kwa uangalifu kuliko mkate wa sikukuu yoyote. Mstari mzima ulikuwa uani kwangu, hakikukosekana hata kitu kimoja.

Halafu jiulizeni, kama nilivyojiuliza mimi, sala ya nyumbani kwetu ilikuwaje. Mimi najisomea chumbani. Baba anasema ameshasali njiani. Watoto kila mmoja na simu yake. Tukikutana mezani, mtu anabariki chakula kwa pumzi moja. Kwa Mungu aliye hai hatukumpa mtoto hata kijiti cha kuokota. Kwa mwezi tulimpa koleo, tukampa zamu, tukampa siri ya kutunza. Basi moyo wake ulipochoka mwaka huu, barua za kazi zinarudi na mchumba amekwenda zake, uliondoka ukaelekea wapi? Ulikwenda mahali ulipofundishwa kwenda. Mtoto hakupotea njia. Alifuata njia niliyomkatia kwa panga langu mwenyewe.

Nimekaa na simu yake, kwa ruhusa yake, nikasoma anayofundishwa. Ni uchawi wa kisasa uitwao Wicca. Wanazo sikukuu 8 kwa mwaka, wanaziita gurudumu la mwaka. Moja ni tarehe 31 Oktoba, Samhain, ya kuwakumbuka wafu. Nyingine ni Yule, karibu na 21 Desemba, ya kulikaribisha jua linaporudi. Majina mengi ni ya zamani ya watu wa Ulaya ya kaskazini, ila mpangilio wenyewe si wa kale hivyo. Ulishonwa Uingereza katikati ya karne iliyopita, na mzee mmoja, Gerald Gardner, ndiye aliyeutangaza sana uchawi huo kwa kitabu chake cha 1954, miaka 3 baada ya nchi hiyo kuifuta sheria yake ya zamani ya uchawi. Kwao Desemba ni giza na baridi, jua linazama alasiri kweupe, naelewa mtu wa kule akilitamani. Lakini sisi Desemba ni kaskazi, maembe yanaanguka usiku juu ya bati, na tofauti ya mchana mrefu na mfupi hapa Tanga ni kama nusu saa tu. Mwanangu alikuwa amejiandikia Desemba awashe mishumaa kulirudisha jua ambalo halijatuacha hata siku moja. Nilipomwonyesha hilo alinyamaza muda mrefu.

Wala msifikiri nasema mwezi ni adui. Mwanzo 1 inasema Mungu alifanya mianga miwili mikubwa, na ule mdogo akaupa usiku. Zaburi ya 81 inataja panda kupigwa mwandamo wa mwezi. Pasaka yetu wenyewe tunaihesabu kwa mwezi: Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa kwanza kuanzia 21 Machi. Na ubani si dhambi, kanisani kwetu unafukizwa mbele ya madhabahu. Swali ni unamfukizia nani, na unamwogopa nani. Ayubu aliliweka wazi katika sura ya 31. Alisema kama angeutazama mwezi ukienda kwa fahari, moyo wake ukashawishika kwa siri, mkono wake ukapelekwa kinywani kuubusu, angekuwa amemkana Mungu aliye juu. Kwa siri, anasema. Mimi siri yangu ilikuwa kwenye kapu la nazi kavu, nyuma ya mlango wa jiko.

Hata jirani yangu, mama wa Kiislamu, yule wa tochi, alinijia asubuhi na kuniambia, "Dada, hata sisi Kurani inatukataza kuusujudia mwezi. Tunauangalia tujue siku, basi." Niliona aibu, na nilimshukuru.

Akina baba, nina neno kwenu, nanyi mnipokee kama dada yenu. Katika Yeremia 44 wale wanawake walipokemewa walijibu kwamba mikate ile hawakuifanya bila waume zao. Walisema kweli. Mnajua yanayofanyika majumbani mwenu. Unaona uzi mweusi kiunoni mwa mtoto, unaona mkeo anaaga anakwenda kutambika mapango ya Amboni na chupa ya marashi, unanyamaza kwa sababu na wewe ungependa mambo yafunguke. Kisha Jumapili unasoma somo la pili kwa sauti nzuri. Ndugu, kuninunulia ubani kulikuwa kuwasha moto. Kunyamaza kwako nako ni kuwasha moto. Ingia nyumbani mapema, uwashe moto mwingine. Wa nyumbani kwako hawahitaji mahubiri, wanayo ya kutosha. Wanahitaji kukuona umepiga magoti kwenye mkeka mmoja nao.

Na ninyi mnaoweka chumvi ya upako mlangoni na stika ya mtumishi juu ya friji, mkiamini vitu vyenyewe vinalinda, hamna cha kunicheka. Ni chetezo hichohicho kimevaa msalaba.

Kilichonifunga miaka yote ni woga, na ndipo wengi wetu tulipofungwa. Watu wa Yeremia walisema tangu tulipoacha kumfukizia malkia wa mbinguni tumepungukiwa na vyote. Najua lugha hiyo. Mwezi mmoja nilisahau kuvukiza, mtoto wa pili akaanguka akavunjika mkono, nikajiapiza sisahau tena. Woga unahesabu misiba na hauhesabu siku za afya. Juma hili nimemshika yule mtoto wa Mathayo 17, aliyekuwa akianguka motoni na majini. Wanaojua Kiyunani hutuambia neno lililotumika pale limetokana na mwezi, kana kwamba mtoto ameshikwa na mwezi. Ni degedege langu lile! Na Bwana hakuukemea mwezi wala hakuupa mkate. Alisema, mleteni hapa kwangu. Alimkemea pepo, mtoto akapona tangu saa ile. Mleteni hapa kwangu, wapendwa. Mtoto wa homa, mtoto asiye na kazi, mtoto aliyeachwa, mleteni hapa kwake. Asipelekwe chini ya mwembe wala kwenye simu. Zaburi ya 121 tunaiimba tukisafiri: jua halitakupiga mchana, wala mwezi wakati wa usiku. Nimeiimba miaka 16 huku nikiulipa mwezi kodi usinipige. Na usiku ule wa Gethsemane ulikuwa wa Pasaka, mwezi umejaa. Bwana wetu alikuwa bustanini chini ya mbalamwezi kama ya kwangu ya Alhamisi, moyo una huzuni kiasi cha kufa, akaanguka kifudifudi akasema, Aba, Baba.

Jumamosi jioni tulifanya kama Yakobo kule Shekemu, alipoifukia miungu migeni chini ya mti. Nilimwomba binti yangu msamaha mbele ya baba yake na mdogo wake, kwa kumpigia kelele kabla ya kujitazama. Yeye alichimba shimo kwa jembe, mimi nikaweka chetezo, akaweka na mshumaa wake na chumvi yake bila kuambiwa. Baba yao alifukia. Hatukukivunja, kilikuwa cha bibi yao.

Tangu hapo tunasali saa mbili usiku ukumbini. Mdogo anatandika mkeka na kuleta Biblia, dada yake anachagua zaburi na wimbo, baba anaanzisha sala. Siku ya pili alianzisha kwa shida, maneno yakamkwama, binti akamsaidia kwa Baba Yetu. Bado hajaniambia kama anaamini kama ninavyoamini mimi. Simharakishi.

Mwezi utaandama wiki ijayo. Nimekuwa nikivukiza kati ya Magharibi na saa moja, nami najua kwamba jua likizama siku ile mkono wangu utatafuta kiberiti. Tumepanga jioni hiyo tukae uani wote wanne, pale chini ya mwembe, tuutazame mwezi mchanga na kuisoma Zaburi ya 8. Nimeshaambiwa nikorogee watu mkate wa kumimina tuule hapohapo hadi uishe. Niombeeni, hasa saa ile ya Magharibi.