Diski ya laptop ikianza kulalamika kwenye Linux, usiamini PASSED

Ukiona onyo kwamba diski inaelekea kufa, au `dmesg` (kumbukumbu za mfumo) imejaa mistari ya `I/O error, dev sda`, acha kazi zote. Usisasishe mfumo na usikimbilie `fsck`, amri ya kurekebisha mfumo wa faili. Fsck hurekebisha kwa kuandika, na ikiandika kwenye diski isiyosomeka vizuri, folda iliyokuwa inafunguka kwa shida huishia kuwa vipande ndani ya lost+found. Ikiwa diski inagonga tik-tik, izime papo hapo: hapo vichwa vya kusomea vina matatizo na hakuna amri itakayosaidia. (Ule ushauri wa kuiweka kwenye friza uachane nao. Ikitoka inafanya umande.)

Kama hailii, washa kompyuta kwa flashi ya Ubuntu, chagua kujaribu bila kuweka, kisha:

`sudo apt install smartmontools gddrescue`
`sudo smartctl -a /dev/sda`

Katika ripoti ya smartctl, mstari wa afya kwa jumla huenda ukasema PASSED. Wengi huishia hapo. Neno hilo linamaanisha tu kwamba hakuna kipimo kilichovuka mpaka aliouweka mtengenezaji mwenyewe, na mpaka huo ni wa huruma mno: diski yenye mamia ya sekta (vipande vidogo vya kuhifadhia data) mbovu bado inaweza kufaulu. Tazama safu ya RAW_VALUE, mistari ya 5, 197 na 198 (hii ya mwisho ni sekta zilizoshindikana kurekebishwa).

Namba 5 ni sekta zilizokwisha kuhamishiwa kwenye akiba. Ikiwa 8 na ikabaki 8 miezi yote, si msiba. Ikiwa 8 jana na 40 leo, diski inaondoka. Namba 197 ni mbaya zaidi kwa mwenye data, kwa sababu hizo ni sekta ambazo diski imeshindwa kuzisoma na haijaamua la kufanya; uamuzi huja pale kitu kipya kinapoandikwa juu yake. Kwa hiyo ikizidi sifuri, huenda kuna faili imeshaumia. Namba 199 ni kesi nyingine: mara nyingi ni kebo au kiunganishi kilicholegea. Haishuki hata ukibadilisha kebo, basi iandike pembeni uone kama inaongezeka. Na kwenye Seagate, mistari ya 1 na 7 huonyesha mamilioni. Isikutishe.

Watafiti wa Google walichapisha mwaka 2007 matokeo ya diski zaidi ya laki moja. Diski iliyopata kosa lake la kwanza la ukaguzi wa uso (diski inapojikagua yenyewe kutafuta sekta zisizosomeka) ilikuwa na uwezekano mara 39 zaidi wa kufa ndani ya siku 60 kuliko isiyo na kosa. Hata hivyo, zaidi ya nusu ya zilizokufa hazikuwa na dalili yoyote katika vipimo vinne vikuu. Onyo likija ni bahati.

Kwa SSD za NVMe (zile zinazochomekwa moja kwa moja kwenye bodi) hakuna namba hizo. Soma `Critical Warning`, `Available Spare` na `Media and Data Integrity Errors`.

Usianze na `smartctl -t long`. Kipimo hicho husoma diski nzima kwa saa kadhaa, na huenda hizo ndizo saa zake za mwisho. Zitumie kunakili kwenda diski ya nje, ambayo hapa imepachikwa kwenye `/mnt/nje`:

`sudo ddrescue -d -n /dev/sda /mnt/nje/diski.img /mnt/nje/diski.map`
`sudo ddrescue -d -r3 /dev/sda /mnt/nje/diski.img /mnt/nje/diski.map`

Mzunguko wa kwanza huchukua kinachosomeka kwa urahisi na kuruka kwenye ubovu. Wa pili hurudi kuung'ang'ania. Faili ya `.map` ndiyo kumbukumbu: umeme ukikatika, rudia amri ileile, itaendelea ilipoachia. Diski ya nje isiwe FAT32, maana hiyo haipokei faili ya GB 4 na zaidi. Tumia ext4 au exFAT. Kabla ya kubonyeza Enter hakikisha majina kwa `lsblk -o NAME,SIZE,MODEL`, maana diski ya nje nayo inaweza kuwa sda.

Sasa fsck inaruhusiwa, lakini juu ya nakala. Kwanza ifanye faili hiyo ionekane kama diski:

`sudo losetup -fP --show /mnt/nje/diski.img`

Itakupa jina kama `/dev/loop20`; patisheni zake ni `loop20p1`, `loop20p2`, na kuendelea, na hizo ndizo za kuendeshea fsck.

Ukinunua SSD, angalia ukubwa. Muuzaji atakwambia GB 480 na 500 ni kitu kimoja. Nakala ya diski ya GB 500 haiingii kwenye 480. Laptop nyingi za zamani zina nafasi ya milimita 9.5 na SSD za SATA ni 7, hivyo weka fremu ya plastiki isicheze. Ukiimimina nakala kwenye SSD kubwa zaidi, endesha `sudo sgdisk -e` kwenye SSD hiyo ikiwa jedwali lake la patisheni ni la GPT, kisha panua patisheni kwa GParted. Diski mpya na ya zamani zitakuwa na UUID (kitambulisho) moja, kwa hiyo usiwashe laptop wakati diski zote mbili zimechomekwa.