Siku Kasuku Alipopanda Mkononi Mwangu

Shangazi yangu aliishi na kasuku wa kijivu aliyeitwa Kito kwa miaka mingi, hadi daktari alipomweleza kwamba vumbi jeupe linalotoka kwenye manyoya ya ndege huyo lilikuwa likizidisha pumu yake, na kwamba haingewezekana tena wakae nyumba moja. Vumbi hilo si uchafu wala ugonjwa. Kasuku wa kijivu wana manyoya laini ya ndani ambayo ncha zake husagika kidogo kidogo na kuwa unga, nao huutumia katika kuyatunza manyoya ya juu. Kwa Kito lilikuwa jambo la kimaumbile, lakini mapafu ya shangazi hayakuweza kulistahimili. Ndivyo Kito alivyohamia kwangu pamoja na tundu lake kubwa na vijiti vyake vya kusimamia, nami ambaye hadi wakati huo nilikuwa nimezoea tu kumtazama akiwa begani mwa shangazi, nikawa ndiye wa kumlisha, kumsafishia na kumshika.

Aliniuma mapema, hata kabla hajauzoea ukuta mpya uliokuwa nyuma ya tundu lake. Niliingiza mkono kutoka juu ili nitoe bakuli la maji, naye akaushika mnofu ulio kati ya kidole gumba na kidole cha shahada, akaubana, kisha akausokota. Asiyewahi kuumwa na kasuku anaweza kudhani kwamba ni kama kudonolewa na kuku, lakini sivyo hata kidogo, kwa sababu mdomo ule umeumbwa kwa ajili ya kupasua kokwa ngumu, na taya la juu nalo lina uwezo wa kucheza kama lile la chini. Ngozi ilipasuka, damu ikatoka, na kidonda kilipofunga kiliacha alama ya mwezi mwembamba ambayo ipo mpaka leo.

Kidonda kilipona, lakini hofu ilibaki. Kila nilipofungua mlango wa tundu nilihisi vidole vikijikunja vyenyewe kabla sijaamua chochote, na mara tu Kito alipogeuza kichwa mkono ulikuwa umekwisha kurudi kifuani mwangu. Nilinunua glavu nene za ngozi nikitumaini kwamba zingenipa ujasiri. Kito alipoziona alijirusha huku na huku akigonga vyuma vya tundu, akapoteza unyoya mmoja mwekundu wa mkia, nami nikazivua papo hapo, kwa kuwa sikuona maana ya kuondoa hofu yangu kwa kumzidishia yeye hofu yake. Tangu siku hiyo nilikuwa nikisafisha tundu kwa kijiti kirefu huku yeye akiwa upande wa pili, na ndege aliyezoea kukaa na watu akawa anapitisha siku nzima bila kuguswa na mtu yeyote. Hilo liliniumiza kuliko kile kidonda. Kasuku wa kijivu porini huishi kwa makundi, na wakitunzwa vizuri wanaweza kuishi miaka 40 na zaidi. Nilipofikiria kwamba maisha marefu kiasi hicho yangepita namna ile, nilimpigia simu shangazi.

Alikuja alasiri moja, akaketi nje, kwenye kiti kilichowekwa karibu na dirisha lililo wazi, maana hakuthubutu kuingia chumbani mwenye vumbi. Kito alipoisikia sauti yake alipiga ule mluzi waliokuwa wakiitana nao zamani, na shangazi akanyamaza kwa muda kabla ya kuweza kusema nami. Nilikuwa nimetumaini kwamba angemshika yeye kwanza, nami nitazame. Kwa vile hilo halikuwezekana, ilinibidi nitende mimi mwenyewe, naye aniongoze kwa maneno tu.

“Mwanangu, wewe unautazama mdomo,” aliniambia. “Achana na mdomo. Tazama macho yake na shingo yake.”

Akaniketisha mbele ya tundu, akanizuia kabisa kuinua mkono, na kwa muda mrefu kazi yangu ikawa ni kumweleza ninachokiona. Nilimwambia kwamba mboni ilikuwa ikisinyaa na kutanuka haraka katikati ya lile duara la njano. Akauliza manyoya ya kisogoni yamekaaje. Nikasema yamesimama, na mwili umejikaza na kuinama mbele. Akasema kwamba mboni peke yake haitoshi kunipa jibu, kwa sababu hucheza vilevile kasuku anapofurahi au anapotaka kuongea. Ila mboni ikicheza hivyo huku manyoya yamesimama na mwili umekaza, basi ndege anasema usinisogelee, na mwenye busara hamsogelei. Tukangoja. Baadaye kidogo Kito alijikung'uta manyoya yote kwa mpigo mmoja, akainua mguu akajikuna shavu, kisha akaanza kusaga mdomo taratibu, sauti ndogo ya mkwaruzo ambayo kasuku huitoa wanapotulia. Nilikuwa nimeisikia sauti hiyo usiku mara nyingi bila kujua kwamba ni ya utulivu.

Nadhani hofu yangu ilianza kupungua pale, kabla hata sijamgusa. Mpaka siku hiyo niliamini kwamba kasuku huuma ghafla bila sababu, na mtu akiamini hivyo hana njia ya kujikinga isipokuwa kukaa mbali. Sasa nilikuwa nimeona kwamba kabla ya mdomo kufika kwenye ngozi huwa kuna maneno mengi yaliyokwisha kusemwa, na kwamba mtu yeyote mwenye macho na subira anaweza kuyasoma.

Jambo la pili alilonifundisha shangazi ndilo lililonishangaza zaidi. Aliniuliza Kito hufanya nini anapohama kutoka kijiti kimoja kwenda kingine. Nikamtazama akihama: aliutanguliza mdomo, akakishika kijiti cha mbele, akakivuta kidogo kama anayekipima, ndipo akaleta mguu. “Basi na mkono wako ataupima vivyo hivyo,” shangazi alisema. “Atauleta mdomo kwanza. Ukiuondoa mkono wakati huo, utakuwa umemwonyesha kwamba mkono si mahali salama pa kusimama, naye ataung'ang'ania ili asianguke. Usiuondoe.”

Niliikumbuka mikono yangu yote iliyorudi nyuma.

Aliniambia nikunje ngumi, maana vidole vilivyonyooka ni rahisi kushikwa, kisha niulete mkono kutoka chini na ubavuni, kamwe si kutoka juu, kwa kuwa ndege yeyote anayewindwa na mwewe huogopa kitu kinachomshukia kichwani. Kifundo kiwe juu kuliko kiwiko, ili asipate mteremko wa kupandia hadi begani. Niuguse mwili wake kwa upole mahali tumbo linapokutana na miguu, na niseme neno alilolizoea.

Nilifungua mlango. Moyo ulikuwa unanidunda mpaka shingoni, na nilikuwa na hakika kwamba Kito anausikia. Nikasogeza mkono hadi ukagusa manyoya ya tumboni, nikasema, “Panda.” Akautazama mkono kwa jicho moja, akageuza kichwa akautazama kwa jicho la pili. Kisha akainama, na ule mdomo mweusi niliouogopa kwa muda wote huo ukafunguka na kushuka juu ya mfupa wa kifundo changu.

Sikuuondoa mkono. Nilimsikia shangazi akisema polepole kutoka dirishani, “Tulia, tulia,” nami nikakaza macho kwenye manyoya ya kisogo, ambayo yalikuwa yamelala sawasawa. Mdomo ulibana, lakini ulibana kama mzee anavyoshika ukuta kabla ya kupanda ngazi. Nilihisi ulimi wake, mkavu, mgumu kidogo na wenye joto, ukiigusa ngozi mara moja, halafu shinikizo likaongezeka kidogo, na papo hapo mguu mmoja ukatua. Vidole viwili vilikuja mbele ya mkono na viwili vikazunguka nyuma. Mguu wa pili ukafuata, mdomo ukaachia, na Kito akajinyoosha akasimama wima juu ya mkono wangu. Kwenye ngozi hapakuwa na alama yoyote.

Shangazi alilia, nami pia nililia. Kito alipiga ule mluzi wao, safari hii akiwa amemgeukia yeye dirishani, na shangazi akamjibu.

Haikuwa kwamba tangu hapo kila kitu kilikwenda sawa. Jioni hiyohiyo nilipotaka kumrudisha ndani ya tundu alikataa, mboni zikaanza kucheza na shingo ikavimba, na kwa mara ya kwanza niliweza kuiona ishara hiyo na kuitii badala ya kuikimbia: nilisimama pale pale, nikaacha kumsukuma, nikamngojea hadi alipolegea, kisha nikampa mbegu ya alizeti akaifuata mwenyewe. Ninasisitiza jambo hili kwa sababu nimewasikia watu wakishauri kwamba kasuku alazimishwe ili ajue nani mkubwa. Mimi sikubaliani nao. Ndege ambaye onyo lake linapuuzwa kila mara hatimaye huacha kuonya, na hapo ndipo anapouma bila taarifa.

Faida kubwa ya siku ile niliiona baadaye, katika jambo dogo la kila wiki. Kasuku huficha ugonjwa, kwa sababu porini anayeonekana mnyonge ndiye anayewindwa kwanza, na mara nyingi dalili ya mapema ambayo mwenye ndege anaweza kuinasa nyumbani ni kupungua uzito, ambako manyoya hukusitiri kabisa. Ndege asiyeshikika hapimiki. Sasa kila Jumapili asubuhi, kabla hajala, Kito hupanda mkononi mwangu, huutanguliza mdomo kama kawaida yake, na kutoka hapo hushukia juu ya mizani ndogo ya jikoni. Mara ya kwanza nilipompima alikuwa na gramu 430, na nilipompigia shangazi simu kumsomea tarakimu hiyo, alinitaka nimsomee tena.