Msaiprasi wa kwenye ndoo: mradi wangu wa mti wa Krismasi, kuanzia masika hadi Januari

Mwisho wa Februari

Mwaka huu mti wetu wa Krismasi utakuwa na mizizi, na nimeuanza sasa hivi kabla masika hayajaingia. Ule wa plastiki bado uko juu ya kabati. Mguu wake mmoja umevunjika na unapukutisha majani kuliko mti wa kweli, lakini hata ungekuwa mzima ningeuacha hukohuko. Naishi Tengeru, karibu na Arusha. Mtu wa Tengeru kununua mti wa plastiki ni sawa na mtu wa Kisiwa cha Mafia kununua samaki wa kopo.

Vitalu vya miche vimejipanga kando ya barabara, na misaiprasi haikosekani kwa sababu watu wanaitaka kwa ajili ya ua wa kuzungushia nyumba. Asili yake ni Meksiko na Amerika ya Kati, lakini imezikubali nyanda zetu za juu mpaka mtoto wa huku anaweza kudhani imeota yenyewe. Nenda West Kilimanjaro au shamba la miti la Meru, utaiona imepandwa pamoja na misindano kwa ajili ya mbao.

Dada muuzaji alinitolea mrefu kuliko yote. "Kaka, beba huu. Desemba unafunga taa tu, umemaliza." Ulikuwa unanifika kiunoni, ila una vilele viwili vilivyotoka sehemu moja. Mti wa hivyo ukiuacha unapanuka juu badala ya kuchongoka, na ukikata kilele kimoja unabaki umeegemea upande kwa muda mrefu. Tena kiriba chake kilikaa pale chini muda mrefu, mzizi mkuu ukatoboa nailoni na kuzama ardhini. Alipouvuta nikasikia "kach!" Nikamwambia, "Dada, naomba tuangalie hii midogo, na tuiangalie chini."

Tukawa tunainua kiriba kimoja kimoja. Nilitaka kilele kimoja kilichonyooka, matawi yanayoanza karibu kabisa na udongo, ukijani unaofika hadi ndani kwenye shina, na mizizi ambayo haijaanza kujizungusha. Hilo la mizizi wengi hawaliangalii, na ndilo linaloua mti polepole: mizizi ikishazoea kuzunguka ndani ya kiriba inaendelea kuzunguka hata ukiihamishia kwenye chombo kikubwa, mwisho inakaba shina lake yenyewe. Nikapata wa futi 2 hivi. Dada alicheka, akasema nimechagua mti kama ninachagua mchumba.

Nimeupanda kwenye ndoo ya rangi ya lita 20, imetobolewa matundu chini na mengine pembeni karibu na kitako. Udongo ni sehemu 2 za udongo wa bustani, 1 ya samadi iliyooza vizuri, na 1 ya changarawe nyeusi ya volkano, ile nyepesi. Bila hiyo changarawe udongo wetu unashikana kwenye ndoo, maji yanatuama na mizizi inaoza. Shina limekaa kina kilekile lilichokuwa nacho kwenye kiriba. Ukilizika zaidi gome linalowana muda wote na kuharibika.

Juni

Masika yamepita na mti umekubali. Ncha zote zina rangi ya kijani mpauko, na hiyo ndiyo dalili ya ukuaji mpya. Ndoo iko nje mahali penye jua la asubuhi, na kila wiki naizungusha robo mzunguko, la sivyo upande wa ukutani unakonda na wa kwenye jua unanona.

Nimeanza kuupogoa. Hapa kuna kanuni moja isiyosamehe: msaiprasi hauchipui tena kwenye sehemu ya tawi iliyogeuka kahawia na kuisha majani. Ukikata ncha za kijani, unagawanyika na kujaza. Ukikata ndani zaidi, kwenye tawi lisilo na majani, umeacha tundu ambalo litabaki tundu. Ndiyo maana nyua nyingi za msaiprasi zilizoachwa miaka kisha zikafyekwa kwa panga zinabaki na mabaka ya vijiti vikavu. Mimi natumia mkasi wa kawaida, napunguza ncha kidogo kidogo, chini paachwe papana na juu pabanwe, ili mwanga ufike kwenye matawi ya chini. Kilele sikigusi.

Maji naamua kwa kidole. Nakichomeka kwenye udongo hadi kiungo cha pili. Pakiwa pakavu nanywesha mpaka maji yatoke matunduni, pakiwa na unyevu nauacha. Msimu huu wa baridi, ndoo inaweza kukaa siku nyingi bila kuhitaji tone.

Agosti

Sisimizi wanapanda na kushuka kwenye shina. Sisimizi kwenye msaiprasi hawajafuata mti, wamefuata utamu, na utamu unatoka kwa vidukari. Nilifunua matawi ya katikati nikawakuta: wa kahawia, wamejipanga kwenye vijiti, na chini yao majani yananata na kuanza kufunikwa na weusi kama masizi. Kijitawi kimoja kilishaanza kugeuka rangi kutokea ndani kwenda nje.

Hawa si wadudu wa kupuuza. Kuna kidukari maalumu wa misaiprasi ambaye alionekana Malawi mwaka 1986, akafika Kenya mwaka 1990, na popote alipopita mashamba na nyua zilikauka. Wataalamu walimwachilia nyigu mdogo anayetaga ndani ya vidukari hao, na hali ikatulia katika maeneo mengi, lakini kidukari mwenyewe hajaondoka.

Kwa mti mmoja wa ndoo dawa ya dukani haihitajiki. Nimekata kijitawi kilichoharibika, nikalaza ndoo ubavu, nikapiga maji ya bomba kwa nguvu kutokea ndani, halafu jioni nikapuliza maji yenye sabuni ya mche iliyoyeyushwa kidogo. Nimerudia kila baada ya siku chache hadi sisimizi wameacha kupanda. Nikiona hawapandi, nami najua hakuna kitu.

Oktoba

Mdogo wangu wa Dar kapiga simu. "Shikamoo kaka. Na mimi nitafutie mti kama huo, nitamtuma mtu wa basi." Nimemkatalia. Joto la Dar na unyevu wake vinauchosha msaiprasi, na yeye anakaa ghorofani, upepo wa chumvi unampiga moja kwa moja. Nimemwambia anunue araukaria, mti wa Kisiwa cha Norfolk katika Pasifiki, ambao chumvi ya bahari ni kawaida yake na unavumilia kukaa ndani kuliko msaiprasi. Matawi yake yanatoka kwa ngazi, moja juu ya lingine, kama umechorwa.

Lakini nimempa tahadhari moja. Araukaria iliyooteshwa kwa kipande cha tawi la pembeni haisimami. Inaendelea kukua kwa kulala, kama vile bado ni tawi. Kwa hiyo auinamie mche na autazame kutokea juu: matawi yawe yamezunguka shina pande zote. Yakiwa yametoka kushoto na kulia tu, aache, hata kama bei inavutia. Na asikate kilele kamwe. Mapambo yawe mepesi, maana matawi yale ni laini na tufe zito la kioo linayashusha.

Kama atakosa, mivinje ipo. Matawi ya mvinje ndani ya ndoo ya mchanga wenye maji yamepamba nyumba nyingi za pwani tangu hatujazaliwa.

Desemba, wiki ya pili

Msaiprasi wangu sasa una futi 4 kasoro, umejaa vizuri. Watoto wameutazama wakasema ni mzuri ila ni mfupi, mti wa Krismasi unatakiwa ufike darini. Basi mwaka huu tutakuwa na miwili: wa ndoo utakaa juu ya stuli dirishani, na wa kukatwa utasimama kwenye kona.

Sikwenda msituni. Kukata mti kwenye hifadhi au shamba la miti bila kibali ni kosa, na kuna watu wanakwenda kukata hata vilele vya mwangati, mti wetu wa asili unaokua taratibu mno. Ua wa mzee jirani umepanda kupita nyaya za simu na amekuwa akitafuta mtu wa kuushusha.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Umekuja kunisaidia au kuniibia?"

"Vyote, mzee."

Tumepunguza ua, nami nimeondoka na kilele cha futi 7. Kabla ya kukichagua nilishika tawi nikavuta mkono kuelekea ncha: majani yalibaki kwenye tawi na kiganja kikanukia. Nikakunja kijiti, kikapinda bila kuvunjika. Kwa wanaonunua mjini, ile inayouzwa imeegeshwa ukutani juani, fanya hivyohivyo, na ugonge kitako chini mara moja. Vikidondoka vijiti vichache vya kahawia kutoka ndani ni kawaida. Vikidondoka vya kijani, mti umekatwa siku nyingi. Msaiprasi unaokauka hauwi njano haraka, unapauka kwanza, ukijani wake unakuwa kama una vumbi, na ukiugusa unakwaruza.

Desemba, tarehe 20 hadi 26

Wa kukatwa umeingia ndani leo. Jambo la kwanza nililofanya ni kukata kitako upya, kipande cha sentimita 3 hivi, msumeno ukiwa mlalo kabisa. Utomvu unaziba ule mkato wa zamani ndani ya saa chache, na mti ulioziba haunywi hata ukiuweka mtoni. Usichonge gome ili mti uingie kwenye chombo, kwa sababu njia za maji ziko hapohapo chini ya gome. Nimeusimamisha kwenye ndoo yenye mawe ya mtoni yaliyobanwa pande zote, kisha maji hadi juu ya mawe.

Kipimo cha kawaida ni karibu lita 1 kwa siku kwa kila sentimita 2.5 za unene wa shina. Shina hili lina sentimita 5 na kidogo, na usiku wa kwanza lita 2 zilitoweka. Maji ni ya bomba matupu. Mke wangu alisikia kanisani kwamba sukari inasaidia, fundi wa taa akasema soda, mwingine aspirini. Vyote ni vya kuleta sisimizi sebuleni. Mti unataka maji yasikatike, basi.

Umekaa mbali na dirisha la magharibi na mbali na mlango wa jikoni. Taa ni zile za LED zisizopata joto sana, na zinachomolewa kwenye soketi tukienda kulala au umeme ukikatika. Msaiprasi mkavu una mafuta na unashika moto kabla hujaamka kitini, kwa hiyo mishumaa juu ya mti nyumbani kwetu haina mjadala. Pamba ya theluji watoto wameruhusiwa, lakini mbali na taa.

Tarehe 24 tumekwenda Moshi kuhesabiwa, yaani kujumuika na ukoo, kama ilivyo ada, tumerudi 26. Hili ndilo lililonitia wasiwasi, mti kukaa siku mbili bila mtu. Nilijaza ndoo mpaka ukingoni, nikafunga mapazia, nikachomoa taa. Tumekuta maji yameshuka hadi kwenye mawe ya chini lakini kitako bado kimezama, na majani yako palepale.

Ule wangu wa mizizi uliingia tarehe 21 tu, baada ya kukaa kibarazani siku kadhaa kwenye kivuli ili usishtuke. Ni mti wa jua. Ndani ya nyumba ni mgeni. Wiki moja, siku kumi zikizidi sana, halafu urudi nje. Nimefunga mapambo ya karatasi na utepe, na kamba za taa sikuzikaza kwenye ncha laini.

Januari

Wa ndoo umerudi kibarazani tarehe 30 Desemba, umekaa kivulini, sasa uko juani. Matawi mawili ya upande wa ukutani yamepauka kidogo, mengine hayana tatizo. Wa kukatwa umedumu hadi tarehe 6, siku ya Epifania, ingawa siku tatu za mwisho ulikuwa umepunguza kunywa na mimi nikaacha kuuwasha taa. Matawi yametandazwa chini ya migomba, shina limekuwa kijiti cha nyanya.

Baina ya miwili, watoto wanautaka mrefu na mimi nautaka wa ndoo. Tumekubaliana msaiprasi uhamie kwenye pipa nusu la lita 50 masika yakianza, mizizi ya pembeni ikatwe kidogo kwa kisu kikali, na mapambo ya Desemba yaanzie kwenye kimo utakachokuwa nacho. Mzee jirani ameshauliza kama nitarudi kwenye ua wake. Nimemwambia nitarudi, kwa sababu nyaya za simu bado zinaguswa upande wa pili.