Vichupa vya Mwaka Juzi

Mikindani, Jumapili usiku.

Leo nimeshinda nikitoa vitu kwenye friza ya maabara. Vichupa vya plastiki, mifuko kwa mifuko: vipande vya mikono ya pweza, nyasi bahari, tope. Vyote viligandishwa kwenye nyuzi 80 chini ya sifuri, na lebo nyingi wino umeshafutika. Vingine nilivikusanya mwenyewe mwaka juzi, maji ya bamvua, bahari inapokupwa mbali, nikiwa mwambani na wanawake wa hapa tangu alfajiri. Mradi wa utafiti ukaisha, wenye sampuli wakaenda zao, friza ikabaki inanguruma.

Nimeumia. Friza ya aina hii hula umeme unaokaribia wa nyumba nzima, na kwa joto hili la Mtwara haipumziki. Chumba nacho kinataka kiyoyozi cha kupoza joto linalotoka mgongoni mwake. Na umeme wetu tunaujua ulikotoka: gesi ya Mnazi Bay, iliyogunduliwa Msimbati mwaka 1982. Huko huko ndiko iliko Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000. Kwa hiyo tumechoma gesi ya pale kuhifadhi vipande vya pweza ambavyo hakuna aliyevirudia, na kazi yenyewe tuliita ya kulinda mwamba.

Halafu plastiki. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Exeter, Uingereza, walikadiria kuwa maabara za sayansi ya viumbe duniani zilitoa takribani tani milioni 5.5 za taka za plastiki mwaka 2014 peke yake. Hapa kwetu mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, na mama muuza samaki akatafuta namna nyingine ya kufungia wateja wake. Sisi hatukuulizwa kitu. Najua kazi ya vinasaba haifanyiki na vichupa vilivyokwisha kutumika, uchafu kidogo tu unaharibu kila kitu. Lakini kupima urefu wa pweza kwa rula nako tulikuwa tunabadilisha glavu kila pweza. Kwa nini? Mwongozo ulisema hivyo, na mwongozo uliandikwa na watu ambao hawajawahi kukaa na gunia la glavu kijijini wakitafuta pa kulitupa.

Ila kilichonigeuza mawazo si glavu wala friza. Ni bibi mmoja niliyemkuta ufukweni mwezi uliopita, kijiti chake cha kuchokolea pweza begani.

“Shikamoo bibi.”

“Marahaba mjukuu wangu. Mmekuja tena kupima? Na wale wa mwaka juzi, mlionaje?”

Sikuwa na jibu. Pweza wa mwambani haishi zaidi ya mwaka na kitu, kwa hiyo wale aliowaulizia walishapita, na watoto wao pia. Majibu yake yalikuwa yamelala kwenye kompyuta mbali na hapa, kwa lugha asiyoisoma. Nikakumbuka pia siku niliyomjazia dodoso. Maswali arobaini. Alijibu yote kwa subira, na tulipomaliza maji yalikuwa yameanza kujaa. Alirudi nyumbani na pweza mmoja. Katika hesabu zote za gharama za mradi ule, mafuta ya boti yamo, posho zimo, kupwa ile moja ya bibi haimo.

Baba yangu ni mtu wa Lindi, na tangu utotoni nimesikia habari za kilima cha Tendaguru, huko huko Lindi. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimbua huko mifupa ya dinosaria, zaidi ya tani 200, na wapagazi wakaibeba kwa vichwa na mabega, siku kadhaa za mwendo, hadi bandarini Lindi. Kiunzi kimoja chenye kimo cha zaidi ya mita 13 kimesimama Berlin mpaka leo. Nilipokuwa nabeba maboksi ya barafu kupeleka uwanja wa ndege sikuwahi kuwaza habari hiyo. Leo nimeiwaza mchana kutwa.

Neno “endelevu” tulilijaza kila ukurasa wa andiko la mradi, na maana yake ilikuwa samaki, mikoko, matumbawe. Sisi wenyewe hatukuwamo. Sasa naona utafiti nao ni shughuli baharini kama uvuvi: unachukua, unachafua, unakula muda wa watu, na unapaswa kuulizwa unaacha nini.

Nimemwandikia msimamizi wangu jioni hii. Friza ipandishwe hadi nyuzi 70 chini ya sifuri, umeme utapungua sana na sampuli zetu hazitadhurika. Glavu zibaki kwa kazi ya vinasaba tu. Dodoso lifanywe siku za maji mafu, watu wakiwa hawaendi mwambani. Na bajeti ijayo iwe na fungu la kurudisha majibu.

Hilo la mwisho sitalisubiri. Daftari langu la mwaka juzi ninalo, lina uzito wa pweza mwezi kwa mwezi. Nimenunua karatasi ya manila na kalamu nene, mistari nimeshapiga. Bamvua ijayo ni wiki mbili kutoka leo, na mpaka sasa nimefika mwezi wa tatu.