Tafakari ya Juma: Kujaribu Bila Kuzima

Wapendwa, kabla Paulo hajawaambia Wathesalonike wajaribu mambo yote, alikwisha kuwaonya wasimzimishe Roho. Maonyo hayo mawili yanafuatana, na wanaopima mawingu ya gesi kuzunguka galaksi za mbali huyaishi kila usiku.

Galaksi haikomi pale nyota zake zinapokoma. Nyota kubwa zikilipuka, gesi husukumwa nje kwa mamia ya kilomita kwa sekunde, na pande zote hutanda haidrojeni inayong'aa katika wimbi la nanomita 121.6. Mwanga huo ni wa urujuanimno. Angahewa yetu haiupitishi. Lakini ulimwengu unatanuka, na wimbi hurefuka likiwa njiani. Likirefuka mara nne hutufikia kwenye nanomita 486 hivi, buluu inayoelekea kijani. Hapo MUSE hulinasa, chombo kilichoanza kazi mwaka 2014 kwenye darubini ya mita 8.2 kule Paranal, Chile. Kila nukta ya picha yake ina wigo wake wa rangi, yaani mwanga wake uliotandazwa rangi kwa rangi.

Sasa jaribio. Hewa na vioo husambaza mwanga hata wa nyota moja, ukaacha ukungu wa duara ambao mwenye haraka atauita wingu. Chagua nyota iliyomo katika picha hiyohiyo, upime inavyofifia kutoka katikati kwenda pembeni, kisha uipime galaksi vivyo hivyo. Zikififia sawa, hakuna wingu.

Kasi nayo ina mtego. Gesi inayotujia mbele ya galaksi huacha katika wigo wa galaksi mistari ya giza, yaani rangi ilizozimeza, iliyosogea kuelekea buluu. Ikisogea sehemu moja ya elfu ya urefu wa wimbi lake, ni kilomita 300 kwa sekunde. Mstari wa haidrojeni wenyewe, ule unaong'aa kwenye nanomita 121.6, kwa kuwa mwanga wake hudundadunda ndani ya gesi kabla ya kutoka, mara nyingi husogea upande wa nyekundu. Basi usiufanye kipimo cha mwendo wa galaksi yenyewe.

Kosa baya kuliko yote, kwa maoni yetu, ni la mtu mwangalifu. Anga la usiku hung'aa kuliko wingu, hivyo ni lazima mwanga wake uondolewe. Ukiupimia jirani na galaksi, umepima na wingu pia. Ukiuondoa, wingu limekwenda nao, na picha inatoka safi kabisa. Hakuna kinachokushtua. Huko ndiko kuzima kwa jina la kujaribu. Funika kwanza galaksi pamoja na ukingo mpana kuizunguka, ndipo upime anga mbali nayo, palipo tupu.