Muhogo wa shule ulikuwa ukichacha kabla ya saa sita: nilivyotatua

Muhogo wa nazi ukifungwa kwenye kontena alfajiri hapa Mtwara, ikifika saa sita mchana unateleza na kunuka uchachu. Mtoto anarudi nao vilevile, chakula kinaishia kumwagwa. Kuacha mfuniko wazi kidogo kulileta sisimizi. Kuufunga kwa karatasi, karatasi ikaganda humo. Maandazi ya kununua kila siku yanamaliza hela.

Kinachouharibu ni mvuke na tui. Muhogo ukifungwa wa moto, mvuke unageuka maji chini ya mfuniko na kuudondokea. Tui nalo huchacha haraka kwenye joto.

Sasa nauchemsha asubuhi ileile kwa maji na chumvi tu, hadi upasuke. Mwaga maji, rudisha sufuria motoni bila mfuniko dakika mbili, ukauke. Toa ule mzizi wa kati, tandaza vipande kwenye sinia visigusane, pepea. Usifunge mpaka mgongo wa mkono usihisi joto lolote, kama dakika 20 hivi. Badala ya tui, nyunyizia vijiko viwili vya korosho zilizokaangwa bila mafuta na kutwangwa. Nunua zilizovunjika: bei iko chini kuliko nzima, ladha ni ileile.

Kilichoondoa harufu kabisa ni ule mpira wa mfuniko. Uchomoe kila jioni kwa ncha ya kijiko, maana maji na mabaki hujificha kwenye mfereji wake. Uoshe, uanike, uurudishe asubuhi ukiwa mkavu. Kontena funga kwa kipande cha kanga. Mtoto anafutia mikono, anarudi nacho.